Mafuta ya siku ya mnada: kisa cha mtumishi wa mkataba katika mpango wa afya wa halmashauri

Kuhusu kisa hiki

Mambo haya yalitokea kwenye halmashauri moja mkoani Arusha, kati ya Julai 2024 na mwanzoni mwa 2026. Jina la halmashauri, la mradi na la shirika nimeyaacha, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadili ili mtu asitambulike. Wahusika wakuu wamesoma nilichoandika na wameridhia.

Nawaandikia makatibu wa afya, wachumi na waganga wakuu wanaopokea watu wa muda kwenye kazi ya mipango, pamoja na vijana wanaopelekwa kuifanya. Mimi nilikuwa mmoja wa wachambuzi wa mpango huo. Uamuzi mmoja ulioleta madhara niliufanya mwenyewe, kwa kalamu yangu, na hapa nimeueleza ulivyokuwa.

Mazingira

Kila mwaka halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya, ukaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa serikali wa mipango na bajeti, ukachambuliwa, ukapitishwa, kisha ukaanza kutekelezwa Julai 1. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kwa hiyo kila zahanati inatakiwa kuwa na mpango wake, uliojadiliwa na kamati ya usimamizi ya kituo. Kwa wananchi hili ni jambo jema sana. Kwa idara ya afya maana yake ni kwamba pale palipokuwa na mpango mmoja wa kukusanya, sasa ipo mipango kadhaa, na mara nyingi mkusanyaji amebaki yuleyule: Katibu wa Afya, ambaye pia anashughulikia magari, likizo za watumishi, vikao na wageni.

Pengo hilo huzibwa kwa namna tofauti. Kuna anayekaimu. Kuna anayeazimwa kutoka taasisi nyingine ya umma, na huyo anabaki na mwajiri wake na jalada lake linajulikana liliko. Kuna wanaojitolea. Na kuna watu wa miradi: wanakaa ofisi ya serikali na kufanya kazi ya serikali, lakini mshahara wao unatoka kwenye shirika. Hawana cheki namba, yaani namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma haziwagusi. Ukimwuliza Afisa Utumishi juu yao, atakuambia hao ni wa idara, na idara itakuambia ni wa mradi.

Bi. N. alikuwa wa kundi hili la mwisho. Mchumi kijana, makini, msikilizaji. Aliripoti Julai 2024 kwa mkataba wa miezi 12 uliolipwa kwa fedha za msaada wa Marekani. Barua iliyomleta ilieleza kazi yake kwa sentensi moja: kusaidia idara katika mipango na takwimu.

Alivyofanya kazi

Katibu wa Afya alimpokea vizuri. Alimpa meza kando ya printa na kumwambia, "Mdogo wangu, kaa hapa, usiogope. Kazi ipo." Baada ya wiki chache alimpa na nywila yake ya PlanRep. Bi. N. anakumbuka alisita, akamwambia, "Kaka, hii ni kama sahihi yako." Akajibiwa, "Ingiza tu, nitapitia." Kumwombea akaunti yake kungehitaji barua na kusubiri, na kazi ilikuwa imeshawaelemea. Nimekaa ofisi za namna hiyo na ninaelewa.

Kuanzia Septemba alizunguka vituo. Sensa ya 2022 ilikuwa imeonyesha mkoa una watu 2,356,255 kutoka 1,694,310 mwaka 2012, na takwimu za kata zilikuwa mkononi. Kazi yake ilikuwa kujua zahanati ipi inahudumia watu wangapi. Wengi wetu tungechukua idadi ya watu wa vijiji husika, tukajumlisha, tukamaliza. Yeye alikwenda kukaa pale penyewe.

Kwenye zahanati moja iliyo karibu na mnada wa mifugo alikaa siku mbili za mnada mfululizo, akipitia rejista ya watoto na kuzungumza na akina mama. Akagundua jambo ambalo halipo kwenye takwimu zozote za kata. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Kwa dozi ya kwanza akina mama walikuwa wakija siku ya kliniki. Kwa dozi ya pili wengi hawakuja, kwa sababu mtoto ameshatembea, haumwi, na njia ni ndefu. Lakini siku ya mnada walikuja kwa wingi, kutoka hata kata zisizohesabiwa kwenye zahanati hiyo, wakileta maziwa, ugoro na shanga. Siku hiyohiyo muuguzi alikuwa mmoja, foleni ya wagonjwa ilifika mlangoni, na chanjo ilikuwa kazi ya mwisho.

Alipendekeza gari la chanjo la halmashauri liende pale kila siku ya mnada, na muuguzi mmoja wa ziada. Alimweleza Katibu na Mratibu wa Chanjo wakiwa wamesimama uani, mlango wa gari ukiwa wazi. Wakakubaliana. Kuanzia Novemba walijaribu kwa mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye kampeni nyingine, na wakaona watoto wanakuja. Katika mpango wa 2025/26 Bi. N. aliweka mafuta ya huduma hiyo ya mkoba (huduma inayowafuata watu waliko): karibu mara tatu ya yale ya zahanati jirani. Gari ni la halmashauri, kwa hiyo fedha hiyo haikukaa kwenye mpango wa zahanati. Ilikaa kwenye fungu la ofisi ya Mganga Mkuu, ambako hakuna kamati ya kijiji inayoijadili wala muhtasari unaoieleza.

Pale uani hakuna aliyeandika chochote.

Wiki ya mwisho ya Januari

Januari 20, 2025, Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zikaanza kufika kwenye miradi. Bi. N. alipata ujumbe jioni: kesho usiende kazini, usitumie mali ya mradi, rudisha kompyuta.

Takwimu nyingi zilikuwa zimeshaingia PlanRep. Jedwali lake la hesabu, pamoja na maelezo ya kila takwimu, lilikuwa kwenye kompyuta ile. Alimpigia Katibu kuuliza kama anaweza kuja na flashi ahamishe mafaili, lakini masharti aliyopewa hayakuruhusu, naye akayatii. Asubuhi alipita ofisini kuaga. Makabidhiano yalichukua kama dakika kumi, koridoni. Taarifa ya makabidhiano haikuandikwa, maana kwa kumbukumbu za masijala hapakuwa na kitu cha kukabidhi: hakuna siku aliyokabidhiwa ofisi.

Kikao cha uchambuzi

Februari tulikutana Arusha mjini kuchambua mipango. Ukumbi, feni, majalada mezani, chai ya saa nne na chapati. Kila mchambuzi alikuwa na halmashauri zake. Tunaangalia kama bajeti imekaa ndani ya ukomo, kama shughuli zinaendana na vipaumbele, na kama kuna kifungu kinachoonekana kukaa vibaya. Mafuta huwa tunayaangalia mara mbili, na kila aliyefanya kazi serikalini anajua kwa nini.

Nikaona mstari ule. Zahanati moja, mafuta mara tatu ya majirani zake. Nikauliza. Katibu akafungua mfumo, akaona aliyeingiza ni yeye. Akanyamaza kidogo, akasema, "Tutarekebisha."

Nikaandika: *ipunguzwe ilingane na vituo vingine.* Tukasonga mbele. Kiasi kilichopunguzwa kikaenda kwenye kifungu kingine chenye uhitaji wa kweli, na nilirudi nyumbani nikiamini nimefanya kazi nzuri.

Miezi mingi baadaye Katibu aliniambia yaliyokuwa moyoni mwake siku ile. "Nilikumbuka kuna habari ya mnada. Hesabu zake sikuzijua. Nikaona aibu kusema sijui jambo lenye jina langu."

Simu kutoka zahanati

Agosti 2025 mfawidhi wa zahanati ile alinipigia. Tulifahamiana kwenye mafunzo fulani. "Shikamoo daktari," alisema (kwetu kila mtu wa idara ya afya ni daktari), "naomba kuuliza, gari la mnada limepelekwa wapi? Tangu mwezi wa saba halijaja. Akina mama wananiuliza mimi, wanadhani nimelikataa."

Nilikwenda. Alinifungulia rejista ya watoto juu ya meza ya dawa na kupitisha kidole kwenye safu ya dozi ya pili ya surua, ukurasa kwa ukurasa. Mpaka Juni ilikuwa imejazwa vizuri. Kuanzia Julai kulikuwa na visanduku vitupu vimefuatana, na kila kisanduku kina jina la mtoto upande wa kushoto. Hakunilaumu. Hakujua kwamba aliyepunguza mafuta yale ndiye aliyekaa mbele yake. Nilimwambia kabla sijaondoka.

Kaunta buku

Tulimtafuta Bi. N. Alikuwa mjini, akimsaidia shangazi yake kwenye duka la vifaa vya shule na kutoa kopi. Nilipomweleza shida hakusema mengi. Aliinama chini ya meza ya duka, akatoa kaunta buku lenye jalada la bluu, pembe zimekunjika. Alilinunua kwa fedha yake mwenyewe, kwa hiyo halikuwa mali ya mradi na hakuna aliyemdai.

Ndani kulikuwa na kila safari: tarehe, aliyezungumza naye, alichosema, na kwa nini takwimu fulani imekuwa vile. Ukurasa wa zahanati ya mnadani ulikuwa na maneno ya mama mmoja: "Mtoto akishatembea, namleta nikija kuuza maziwa." Chini yake Bi. N. alikuwa ameandika na kupigia mstari: *gari lisimame upande wa mbuzi, akina mama wako huku, upande wa ng'ombe ni wanaume watupu.*

Nimesoma miongozo mingi ya huduma za mkoba. Sijawahi kukutana na sentensi yenye faida kuliko hiyo.

Alikuja halmashauri siku tatu. Alikaa na Katibu na Mratibu wa Chanjo, wakapitia mpango mstari kwa mstari. Katibu akaandika dokezo kwa Mganga Mkuu akieleza sababu ya mafuta, akaambatanisha nakala za kurasa husika, na Bi. N. akasaini kama mkusanyaji wa taarifa. Dokezo likaingia kwenye jalada na kupewa namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake kwenye jalada. Kwa muda, kamati ya zahanati ikakubali kutumia fedha kidogo za kituo kumlipa bodaboda alete chanjo za ziada kutoka kituo cha afya siku za mnada. Bajeti ilipopitiwa nusu mwaka, fedha za mafuta zilirudishwa, na mwanzoni mwa 2026 gari lilianza tena kwenda. Wakati huo muuguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii walikuwa wakitafuta boma kwa boma watoto waliopitwa.

Yapo tuliyoshindwa kuyaokoa. Mistari miwili ya mpango hatukuweza kuieleza hata tukiwa na kaunta buku, kwa kuwa aliiandaa Januari moja kwa moja kwenye kompyuta. Mmoja tuliuacha ulivyo bila kujua ulikotoka.

Uchambuzi: kilichoshika

Nianze na kilichosimama, maana kina somo kubwa. Mipango ya zahanati zenyewe haikuyumba hata kidogo. Bi. N. alikuwa na msimamo ambao mwanzoni uliwaudhi baadhi ya wafawidhi: hakubali kumjazia mtu fomu. Kwenye kituo kimoja mfawidhi alimsihi amsaidie kuandika ili wamalize mapema. Alikaa naye mpaka jioni, mfawidhi akaandika mwenyewe, na kesho yake akamsindikiza kwenye kamati aieleze kwa mdomo wake. Kwa hiyo kila kiasi kilikuwa na muhtasari wa kikao, na kila muhtasari ulikuwa na mtu anayeweza kuusimamia. Februari nilihoji baadhi ya mistari hiyo pia. Wafawidhi walipigiwa simu, wakajibu palepale, na sikupunguza hata mmoja.

Ofisi ileile, mtu yuleyule, mwaka uleule. Alipofanya kazi na mwenye kituo, kazi ilibaki. Alipofanya kazi peke yake kwa jina la mwingine, ilibaki takwimu isiyo na msemaji.

Uchambuzi: kilichovuja

Watu wakisikia habari ya nywila huwaza usalama wa mfumo, na kweli ni kosa, hakuna la kulitetea. Ila madhara niliyoyaona hapa ni ya namna nyingine. Aliyejua sababu hakuonekana popote kwenye mfumo, na aliyeonekana hakujua sababu. Swali langu la Februari lilikwenda kwa jina lililoandikwa. Lingekwenda kwa Bi. N., lingejibiwa kwa sentensi mbili.

La pili ni jalada. Katika miezi yote ile Bi. N. hakuandika dokezo hata moja. Hakuna aliyemkataza; haikumjia mtu akilini kwamba asiye na cheki namba anaweza kuandika kwenye jalada la serikali. Lakini serikali inakumbuka kwa majalada. Mganga Mkuu atahamishwa, Katibu atastaafu, dereva atabadilishwa, folio itakaa. Makubaliano ya pale uani yangeandikwa kwa mistari mitano siku ileile, Katibu akasaini, mimi ningeyakuta Februari.

La tatu ni letu wachambuzi. Tumefundishwa kutafuta mstari usiofanana na mingine na kuuona kama kosa. Mpango uliosikiliza watu wa chini hauwezi kufanana kila mahali. Zahanati ya mnadani haifanani na ya mashambani kwenye kahawa. Ningerudisha mstari ule na kuomba sababu kwa wiki moja, na muda ulikuwepo. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya alama na nafasi ya maoni, haikuwa na nafasi ya kuuliza sababu wala ya mimi kueleza sababu ya kupunguza. Siku hizi naandika pembeni kwa mkono.

Wengi niliowasimulia kisa hiki husema tatizo lilikuwa kusitishwa kwa msaada. Siwaungi mkono. Januari ile iliumiza watu wengi, Bi. N. akiwemo, na aliondolewa kwa namna isiyo na heshima. Lakini mkataba wake ungeisha mwishoni mwa Juni 2025 kwa vyovyote vile. Angeondoka na kompyuta ileile, nywila ya mtu ileile, dokezo hakuna. Tofauti ni kwamba mwezi Februari angekuwepo kunijibu, na swali la mwaka uliofuata lingekosa jibu badala ya la mwaka ule.

Halmashauri ilichobadili

Mtu yeyote wa muda sasa anapokelewa kwa barua inayotaja kazi mahsusi na jina la mtumishi wa kudumu atakayefanya naye kazi hiyo. Akaunti ya mfumo inaombwa wiki ya kwanza. Isipotoka, anayeingiza ni mtumishi mwenye akaunti, wakiwa wamekaa pamoja. Kila Ijumaa wawili hao wanaandika dokezo fupi la maamuzi ya wiki, wanasaini wote, linakwenda masijala. Mwanzoni walilalamika kwamba linachelewesha kazi. Nimeyasoma madokezo ya miezi mitatu ya kwanza. Mengi ni ya nusu ukurasa, na moja linaeleza kwa nini zahanati fulani inahitaji taa ya sola chumba cha kujifungulia kabla ya kitanda. Mchambuzi wa mwakani atalikuta.

Jambo moja bado. Nauli ya Bi. N. kwa siku zile tatu Katibu aliitoa mfukoni mwake. Malipo ya kazi yenyewe tuliyaombea, na Afisa Utumishi alihangaika nayo kwa nia njema: mtumishi siye, mzabuni siye, mshauri mwenye mkataba siye. Hadi naandika haya hakijapatikana kifungu cha kumlipa. Kaunta buku amerudi nalo. Nakala zake ziko kwenye jalada.